Sauti Kwanza, Kitabu Baadaye

Ukitaka kuanza kusikiliza vitabu vya fantasia au bunilizi za sayansi, usiulize kwanza ni kitabu gani kizuri. Uliza nani anakisoma. Huo ndio msimamo wangu leo, na nimeufikia kwa njia ambayo sikuichagua.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mkaaji wa Mombasa, na tangu nikiwa shule ya upili nimependa hadithi za sayari za mbali, majoka na wachawi. Nilizinunua kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, nyingine zikiwa hazina hata jalada, nikazisoma mpaka kurasa zikalegea. Kisha retina ya jicho langu la kushoto ikabanduka. Jicho la kulia ni dhaifu tangu utotoni, kwa hiyo hilo la kushoto ndilo lililokuwa likinisomea. Dalili zilikuwa mimweko ya mwanga pembeni, vijidoa vyeusi vingi vikielea, halafu kiza kinachoshuka na kuziba upande mmoja wa kile ninachokiona. Ukiziona dalili hizo kwako au kwa mtu wa nyumbani, nendeni hospitali ya macho siku hiyo hiyo. Retina iliyobanduka haingoji wiki ijayo.

Nilipasuliwa, na daktari akaniachia kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiisukume retina irudi mahali pake. Ili kiputo kikae panapotakiwa, ilinibidi nilale kifudifudi, nikae nimeinama, hata chakula nile nimeinamisha kichwa. Kusoma hakuna. Kutazama simu hakuna. Ndege pia hakuna, kwa sababu juu angani shinikizo la hewa hupungua, gesi ikatanuka ndani ya jicho na kuliharibu. Matibabu yalimaliza akiba yetu na mkopo wa sacco juu yake. Lakini kilichonitisha zaidi ya deni ni ule ukimya wa mchana kutwa, uso umezama kwenye mto, nikiwaza kama nitawahi kusoma tena.

Kakangu anayefanya kazi Doha ndiye aliyesema, "Dada, wewe utaugua moyo ukikaa hivyo. Nakulipia vitabu vya kusikiliza." Akanifungulia akaunti ya Audible kwa kadi yake. Mpango alioulipia ulikuwa wa dola 14.95 kwa mwezi, karibu shilingi elfu mbili zetu, na kwa malipo hayo ulipata kitabu kimoja kwa mwezi, kiwe cha saa 3 au cha saa 45. Utaratibu huo una mtego wake. Unamfanya mtu apige hesabu ya masaa: kirefu zaidi ndicho chenye faida zaidi. Kakangu alipiga hesabu hiyo hiyo, akanichagulia *A Game of Thrones*, ambacho ni cha saa zipatazo 33 na ambacho yeye alikijua kwa kutazama tamthilia yake.

Msomaji wake ni Roy Dotrice, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 2017. Anatambuliwa na Guinness kwa rekodi ya kutoa sauti za wahusika 224 katika kitabu hicho kimoja. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi, nikidhani sauti nyingi ndio ufundi wenyewe. Baada ya jioni chache nilikuwa nimepotea kabisa. Kila sura inahamia kwa mtu mwingine, mahali pengine, na nyumba za mabwana wale zina watoto, wajomba, mashemeji na farasi wenye majina. Mzee anapotoa sauti ya binti mdogo inakuwa sauti ya mzee anayejifanya binti, nami kila mara nilitolewa nje ya hadithi nikaanza kumfikiria mzee. Baadaye nilipoendelea na mfululizo huo nikagundua kwamba baadhi ya majina yalibadilika matamshi kati ya kitabu na kitabu. Kwa mwenye karatasi mbele yake hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliyefunikwa macho, jina likibadilika matamshi, mtu mwenyewe ametoweka.

Hapa ndipo nilipoelewa tofauti ambayo sikuwahi kuifikiria miaka yote niliyosoma kwa macho. Jina geni kwenye karatasi huhitaji kulitamka. Unalitambua kwa umbo, unalipita, na likirudi kurasa mia mbele unaliona kuwa ni lile lile. Kwenye sikio jina hupita mara moja. Kama Kiingereza umekipata darasani kama mimi, basi katika sentensi moja unapigana na lafudhi, na msamiati wa mapanga na ngome za kale, na jina la kubuni ambalo halimo katika lugha yoyote. Fantasia na bunilizi za sayansi ndizo hadithi zenye majina ya kubuni kuliko zote. Ndiyo maana ushauri wa "sikiliza tu, utazoea" haufai. Mtu huzoea akianzia mahali panapofaa.

Kwangu mahali hapo palikuwa *Project Hail Mary* cha Andy Weir, kinachosomwa na Ray Porter, saa 16 hivi. Kilitoka 2021, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Audie ya kitabu bora cha kusikiliza cha mwaka huko Marekani. Tuzo siyo iliyonivuta, ila muundo. Mtu anaamka ndani ya chombo cha angani, hajui jina lake, hajui yuko wapi. Wewe msikilizaji hujui, na yeye hajui, mnajifunza pamoja. Msemaji ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, "mimi, mimi", na mwanzoni chumba ni kimoja. Kila tatizo linatajwa kwa sauti, linapigiwa hesabu kwa sauti, linatatuliwa, linakuja jingine. Ukisinzia dakika 10 unaweza kurudi bila kupotea. Yule mtu pia alikuwa mwalimu wa sayansi shuleni, na anaeleza mambo kama mwalimu, kwa hiyo nilimpenda kwa sababu zangu.

Kuna jambo moja ndani ya kitabu hicho ambalo karatasi haiwezi kulifanya. Yumo kiumbe mgeni ambaye lugha yake ni noti za muziki. Kwenye kitabu cha kusoma unaona alama za muziki zimechapwa. Kwenye rekodi unamsikia. Mara ya kwanza aliposema nilinyanyua kichwa kutoka kwenye mto, jambo nililokatazwa, kwa furaha tu. Nikasema hiki sasa si mbadala wa kusoma. Hiki ni kitu chenye thamani yake.

Mamangu, aliyekuwa akinilisha na kunitia dawa za macho, alikuwa akiona midomo yangu ikicheka huku uso umeinama. "Wasikiliza nini humo, mwanangu? Hebu nami nieleze." Nikaanza kumsimulia kila jioni kwa Kiswahili yale niliyosikia mchana. Hilo, bila kupanga, likawa jambo lililonisaidia kuliko yote. Pale niliposhindwa kumweleza ndipo nilipokuwa sijaelewa, na nilirudi nyuma kusikiliza upya. Ukiwa na mtu wa kumsimulia, hata mtoto, fanya hivyo. Mama hakusoma sayansi lakini maswali yake yalikuwa makali: huyo mgeni wa muziki anapumua nini, na kama hewa zao ni tofauti wanakaaje chumba kimoja? Lilikuwa ndilo swali ambalo kitabu kilikuwa kinakwenda kulijibu.

Baada ya hapo nilianza kuchagua kwa masikio. Kabla ya kununua chochote kuna kionjo cha dakika chache, bure. Nilijiwekea desturi ya kukisikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikifuata hadithi, mara ya pili nikisikiliza msomaji peke yake. Je, anavuta pumzi kwa kelele? Anapobadilisha mhusika, nasikia mtu mwingine au nasikia mbwembwe? Je, mwisho wa sentensi anaushusha mpaka hausikiki? Hilo la mwisho ni kubwa zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu wasomaji wengi wazuri wa Kiingereza humeza silabi za mwisho, na sikio la Kiswahili limezoea neno liishe kwa vokali iliyo wazi.

Angalia pia toleo. Kitabu kimoja kinaweza kuwa na rekodi mbili au tatu, na mtu akikusifia kitabu huenda anasifia rekodi ambayo wewe hutaiona. *The Martian*, cha Andy Weir yule yule, kilisomwa kwanza na R. C. Bray, kisha mwaka 2020 ikatoka rekodi mpya ya Wil Wheaton. *The Lord of the Rings* kina rekodi ya Rob Inglis ya mwaka 1990 na ya Andy Serkis ya 2021, huyu aliyeigiza Gollum kwenye filamu. Watu hubishana sana juu ya hawa wawili. Maoni yangu ni haya: anayekutana na hadithi hiyo mara ya kwanza kwa sikio achukue Serkis, kwa kuwa kila mhusika ana sauti yake na hutamchanganya yeyote. Anayeijua tayari achukue Inglis, mzee anayesoma kama mtu aliyeketi barazani baada ya isha, anayeimba zile nyimbo zote bila haraka. Mimi Inglis namsikiliza usiku. Serkis ananifukuza usingizi.

Kuhusu *Dune* cha Frank Herbert, najua nitatofautiana na wengi. Rekodi inayojulikana zaidi, ya mwaka 2007, ina msomaji mkuu Simon Vance, na katika sura nyingine kundi zima la wasomaji linaingia kila mmoja na mhusika wake, kisha katika sura inayofuata kundi linatoweka na Vance anabaki peke yake akiigiza wote. Kwa hiyo mhusika mmoja ana sauti hii leo na sauti nyingine kesho. Nilimpoteza Baron Harkonnen, yule adui mkuu, njia nzima. Vance ni msomaji hodari na angeachiwa kitabu chote kingekuwa bora. Hata hivyo sijutii kukisikiliza, kwa sababu Herbert alijaza mle maneno yenye asili ya Kiarabu, na mtu aliyepita chuoni, yaani madrasa, Mombasa anayasikia yakija kwa lafudhi ya Kizungu na anayajua kabla hayajaelezwa. Hapo angalau majina ya kubuni yalikuwa upande wangu.

Kakangu ndiye mpenzi wa rekodi za kundi zima, zenye muziki, mapanga yakigongana na upepo ukivuma. Anazisikiliza kwenye basi la kazini na anasema ni sinema bila picha. Tumebishana kwa simu mara nyingi. Mimi nasema mlio wa upanga unafunika kitenzi, na kitenzi kikinipita sijui nani kamwua nani. Kama Kiingereza chako ni cha nyumbani, huenda usisumbuke. Kama ni cha darasani, chukua msomaji mmoja na chumba kimya. Wawili wanaweza kufaa wakigawana kazi kwa mpango: Michael Kramer na Kate Reading, ambao ni mume na mke, wamesoma pamoja mfululizo wa *The Wheel of Time*, yeye akisoma sehemu zinazofuata wanaume na mkewe zinazofuata wanawake. Ukisikia tu sauti imebadilika unajua umehamia kwa nani. Lakini mfululizo huo una vitabu 14 vikubwa. Wamesoma pia *The Way of Kings* cha Brandon Sanderson, chenye saa 45. Nenda huko ukiwa umekomaa, na uwe na likizo.

Kitabu kilichonigusa kuliko vyote ni *The Fifth Season* cha N. K. Jemisin, kinachosomwa na Robin Miles. Vitabu vitatu vya mfululizo huo vilipata tuzo ya Hugo, ya fantasia na bunilizi za sayansi, miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Ni hadithi ya nchi ambayo ardhi yake haitulii, na mimi nafundisha mabamba ya dunia na matetemeko kila mwaka, kwa hiyo nilianza kwa udadisi wa kazi. Kumbe sehemu mojawapo ya kitabu imeandikwa kwa "wewe". Wewe ndiye mama aliyefiwa na mwanawe, wewe ndiye unayetoka nyumbani na mzigo mgongoni. Kwenye karatasi huenda ningeona ni mbinu ya mwandishi. Nikiwa nimelala kifudifudi, jicho moja limefungwa, sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniambia polepole wewe ni nani na umepoteza nini. Nililia, na machozi kwenye jicho lililoshonwa yanachoma. Mama alikuja mbio akidhani nimeumia.

Lakini ni kigumu, na sitaki mtu adanganyike na mapenzi yangu. Kina nyuzi tatu za hadithi zinazopishana, na istilahi zake nyingi zimeelezwa kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu, mahali ambapo msikilizaji hufika akiwa ameshamaliza. Kwa vitabu vya namna hii, mwombe mtu mwenye macho akusomee kwanza orodha ya majina na istilahi. Mwanafunzi wangu wa zamani alinifanyia hivyo kwa simu, akinitajia majina na herufi zake, nami nikayarudia kwa sauti kama shairi la kukariri. Nilipoanza kusikiliza, majina yalikuwa tayari yananifahamu.

Anayetaka kumwonja Robin Miles bila safari ndefu achukue *Binti* cha Nnedi Okorafor. Ni kifupi, saa mbili na nusu hivi, na ni cha msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia anayetoroka nyumbani kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, amejipaka udongo wa kwao mwilini. Kilishinda tuzo za Hugo na Nebula katika kundi la riwaya fupi. Vitabu vifupi kama hivi usivinunue kwa ile haki yako ya mwezi. Mara nyingi bei yake ya kawaida iko chini, na haki ya mwezi unaibakiza kwa kile kirefu. Vile vile *All Systems Red* cha Martha Wells, kinachosomwa na Kevin R. Free, saa tatu na kitu, kuhusu roboti mlinzi anayependa tamthilia kuliko watu. Kinachekesha, lugha yake ni nyepesi, na msomaji hajikazi.

*Black Leopard, Red Wolf* cha Marlon James, kinachosomwa na Dion Graham, nilikiacha njiani. Msimulizi ni mfungwa anayemjibu mhoji wake, na Graham anamwigiza kwa nguvu ya ajabu, kama mtu anayesimulia kwa mdomo kweli. Ila hadithi inazunguka na kujirudi, na ukatili wake, ukisomewa sikioni, hauna pa kuukwepea. Jicho linaweza kuruka aya. Sikio haliruki. Watu wenye majeraha yao, na walio na watoto chumbani, wajue hilo kabla ya kubonyeza.

Sasa gharama, maana si kila mtu ana ndugu Doha. Njia ya bure kabisa ni LibriVox, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2005, wanaosoma vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Humo mna H. G. Wells, mna *Frankenstein* ya 1818, mna Jules Verne. Ubora wake haulingani: kitabu kimoja kinaweza kuwa na wasomaji 10, sura moja mtu wa Texas na inayofuata mtu wa India, mmoja akirekodi karibu na feni. Tafuta rekodi zilizosomwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na *The Time Machine* ya 1895 ni mwanzo mwema kwa sababu ni fupi. Nilimsikiliza Verne pia, *Five Weeks in a Balloon* ya mwaka 1863, kwa kuwa puto lake linaanzia safari Zanzibar. Nilisisimka kusikia Zanzibar ikitajwa katika simulizi ya mashine za angani ya zamani hivyo. Lakini dharau yake kwa Waafrika ni nzito, na ikisomwa kwa sauti ni nzito zaidi. Sikuiweka mbele ya wapwa zangu.

Jamaa walio Ulaya au Marekani Kaskazini wana bahati ya maktaba za umma. Kwa kadi ya maktaba tu wanaazima vitabu vya kusikiliza kupitia programu ya Libby bila kulipa, ingawa vinavyopendwa vina foleni ya kungojea. Kwetu huku kinachokula pesa ni bando. Rekodi ya kiwango cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Kitabu cha saa 16 ni kama megabaiti 460, na kile cha saa 45 kinapita gigabaiti moja na robo. Pakua chote kwa waifai ya kazini au kwa rafiki, kisha zima data usikilize. Ukisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni, kila ukirudi nyuma kutafuta ulipopotea unaweza kuwa unalipia mara ya pili.

Kasi: wengi husikiliza haraka, mara moja na nusu. Kwa habari na hotuba sina neno. Kwa fantasia, punguza. Sura mbili za mwanzo nazisikiliza chini kidogo ya kasi ya kawaida, mpaka nishike lafudhi, kisha narudisha kawaida na hapo nabaki. Kipima muda cha usingizi kiwekwe cha dakika 20, siyo mwisho wa sura, kwa kuwa sura ya fantasia inaweza kuwa saa nzima na ukaamka mfalme amekwisha kuzikwa. Na kabla ya kulala weka alama pale ulipo kwa mkono wako, usiiamini programu ikukumbukie.

Nilijaribu pia kuifanya simu inisomee yenyewe vitabu nilivyokuwa navyo, kwa sauti ya mashine. Kwa barua pepe inafaa. Kwa fantasia ilinihuzunisha. Mashine haijui kwamba mtu anadanganya, au kwamba joka limechoka, na majina ya kubuni inayatamka kwa kubahatisha.

Gesi ilipokaribia kwisha jichoni, daktari aliniruhusu kuinua kichwa lakini kusoma bado. Ndipo Mama akaniambia, "Mimi nimekusikiliza wewe siku zote hizi. Sasa nisikilize mimi." Mama alifundisha madarasa ya chini shule ya msingi mpaka akastaafu, na amewasomea watoto maisha yake yote. Akatoa *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, nakala ya zamani, akavaa miwani akaanza. Sikuwa nimewahi kukiita kitabu hicho fantasia. Kilikuwa kitabu cha shule. Lakini mna majini mle, na mna manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu anayewapenda, mpaka ulimwengu mzima wa hadithi ufunguke kueleza kwa nini. Mama alipofika kwa manyani alishusha sauti bila kuigiza chochote, na mimi nikashika ukingo wa kitanda. Hakuna neno lililonipita. Sikurudi nyuma hata mara moja. Baada ya kuhangaika na lafudhi za watu kwa muda wote ule, nilikuwa nimesahau kwamba kusikiliza kunaweza kuwa hakuchoshi.

Nikaanza kutafuta vitabu vyetu vya namna hiyo katika huduma zile zile nilizokuwa nikilipia, na nilivyovitaka sikuvipata. *Walenisi* ya Katama Mkangi ilitoka mwaka 1995: mtu anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani kitakachokuwa kaburi lake, naye anaishia kutua katika nchi nyingine kabisa inayoendeshwa kwa haki. Mwandishi ni wa pwani hii yetu. Said Ahmed Mohamed ana *Babu Alipofufuka*, Kezilahabi ana *Nagona*. Hivi vinangoja sauti, na sauti hizo zipo, katika redio zetu, katika shule zetu, katika misikiti na makanisa, watu wanaojua kusoma mbele ya umma bila kuchosha. Natamani wachapishaji wetu wawatafute. Sitaki ningoje mpaka kampuni ya mbali ione faida.

Jicho limerudi kiasi. Nasoma herufi kubwa kwa muda mfupi, kazini nimerejea, na kusikiliza sijaacha. Kwa sasa namrekodi Mama kwa simu, kwa matumizi ya nyumbani tu, kwa kuwa kuisambaza rekodi ya kitabu cha mtu kunahitaji ruhusa ya wenye haki nacho. Tunarekodi chumba cha kulala, mlango wa kabati la nguo ukiwa wazi ili mwangwi umezwe, simu ikiwa juu ya mto, kiasi cha shubiri mbili kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isigonge maikrofoni. Feni tunaizima, na kwa joto la Mombasa hiyo ina maana ya sura moja kwa kikao. Kila sura ni faili lake. Na kabla ya sura ya kwanza kuna faili fupi ambalo Mama anataja majina ya wahusika mmoja mmoja, taratibu, na kusema kila mmoja ni nani kwa nani.